Mshale Uliolala

Mimi sikusoma sana, lakini namba nazijua, na hapo ndipo nilipojiponza.

Nina pikapu kuukuu inayobeba pojo na maembe kutoka Mbololo kwenda Voi. Nilimpa mume wa binti yangu aiendeshe, wapate chakula chao na watoto. Fundi alipomwaga oili akaweka mpya, alining'iniza kikaratasi karibu na usukani: namba hii ikifika kwenye mita, mwage tena. Nikafurahi. Kumbe gari ni kitu rahisi hivi!

Basi kila Jumapili baada ya ibada, gari likiwa limeegeshwa uani kwangu, navaa miwani, nasoma kikaratasi, nasoma mita. Haijafika. Nafunga mlango kwa nguvu ili wasikie nyumbani kwamba mwenye gari amekagua.

Binti yangu aliniambia mara mbili, "Mama, baba watoto anasema oili imechoka."

"Anasoma wapi? Namba haijafika. Mwambie kama ana mteja wa kumuuzia oili yangu, amtafutie oili kwingine."

Kwetu mkwe habishani na mama mkwe. Alinyamaza. Nami nikaona kimya chake ni cha mtu aliyeshikwa.

Halafu injini ikaanza kugonga. Ikipanda kilima utadhani kuna mtu ndani anatwanga mahindi. Nikajua sababu: dereva analiendesha vibaya. Nikatangaza mbele ya watu wa nyumbani kwamba Ijumaa nitapanda mwenyewe, nikimshika anakimbiza gari langu, ufunguo nampa mtu mwingine. Binti yangu alilia jikoni. Nilimsikia, na sikutoka kitini.

Sasa, mimi sijawahi kukaa mbele kwenye gari hilo. Mama mkwe na mkwe kubanana kiti kimoja ni aibu, kwa hiyo huwa napanda nyuma na magunia kama mbuzi wa mnada. Ijumaa hiyo nilikaa mbele, binti yangu tukamweka katikati kama ukuta.

"Mwambie mume wako apunguze mwendo."

"Mama, anakusikia. Na punda ametupita."

Nikainama nitazame mwendo kwenye mita, nipate ushahidi. Mshale umelala chini kabisa, kwenye sifuri. Nje miti inakwenda nyuma. Nikafuta miwani. Miti inakwenda, mshale umelala. Na zile namba nilizokuwa nakagua kila Jumapili hazikusogea hata moja.

"Huu mshale una nini?"

Mkwe wangu alitazama barabara. "Ulikufa tangu mvua za vuli, mama."

"Na mbona hamkuniambia?"

Binti yangu akacheka cheko la mtu aliyelia sana. "Tulikwambia oili imechoka, ukatuuliza tunasoma wapi!"

Miezi yote ile nilikuwa nakagua mita iliyokufa, tena kwa miwani.

Hatukwenda sokoni kwanza. Tulikwenda kwa fundi mwingine, mtu wa bara aliyehamia Voi. Alifungua chini, tukangoja. Ile oili ilishuka kwa uvivu, nzito, nyeusi.

"Shosho," akaniita bibi kwa lugha ya kwao, "hii ni lami."

"Namba haikufika," nikasema, kwa sauti ndogo kuliko ya Jumapili.

"Hata ingefika. Namba ile ni ya gari la barabara nzuri. Hili lako linapanda mlima na mzigo, linakula vumbi, linawashwa na kuzimwa siku nzima. Usingoje kilomita elfu tano, mwaga kwa elfu tatu. Mita ikiwa mbovu, hesabu safari. Na kila asubuhi vuta kijiti cha kupimia uangalie oili."

Nimefuga ng'ombe wa kulima maisha yangu yote. Wa kazi humnyweshi sawa na aliyelala kivulini. Hilo nalijua tangu sijaota meno ya magego, lakini kwenye gari nikaamini karatasi.

Fundi akatia oili mpya, akawasha. Kugonga kukapungua, hakukuisha. Akasema tumewahi kwa bahati, vyuma vya ndani vimelika kidogo, na tusilibebeshe sana.

Mkwe wangu akalizima gari. Akachomoa ufunguo, akauweka juu ya boneti mbele yangu, akarudi hatua mbili. Alikuwa amesikia tangazo langu kama wengine.

Niliuchukua, nikampa binti yangu ampe. Akaficha mikono nyuma. "Mpe mwenyewe."

Nikaenda. "Baba, nilikukosea. Gari ni lako kuendesha, na oili ni wewe utakayesema."

Aliupokea kwa mikono miwili, macho chini. "Asante, mama. Basi mzigo wa kesho tupunguze magunia mawili."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema moja linatosha. Binti yangu akakohoa.

"Mawili," nikasema.

Mkwe wangu akaenda kuwasha gari.