Safari ya Kumwona Cucu

Baba mdogo aliuawa saa sita mchana, mbele ya ghala letu la mahindi, jembe bado mkononi. Watu wanne walitoka kwenye mibuni wakamuuliza kwa nini amekataa kula kiapo cha msituni. Akawajibu kwamba yeye amekwisha kula Meza ya Bwana, na mtu hali meza mbili. Wakamkata panga la shingo, na hata aliponyamaza hawakuacha kumkata. Baba yangu alikuwa amejificha nyuma ya ghala, mimi kwapani mwake, kiganja chake kimeniziba mdomo. Mmoja wa wale wanne tulimjua.

Kesho yake walikuja homgadi, askari wa kijiji waliokuwa upande wa serikali. Walimpiga baba mpaka akalitaja jina, wakaenda wakampiga risasi yule mtu mbele ya mkewe. Kisha wakageuka: mbona baba alichelewa kumtaja? Si yeye ndiye anayewapelekea watu wa msituni chakula? Basi msitu ukawa unamtaka, na kambi ya homgadi inamtaka. Tukaikimbia Nyanda za Kati na nguo tulizovaa.

Tulikimbilia Kericho kwa sababu zamani baba aliwahi kuwa fundi huko, akipigilia masanduku ya chai kiwandani. Alikuwa na rafiki Mkipsigis waliyefanya naye kazi, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, ambaye shamba lake lilikuwa upande wa Sosiot. Mtu huyo alitupa kibanda, kisha akatupeleka mwenyewe kwa bwana shauri, mkuu wa serikali pale wilayani. Wakati ule Wagikuyu kama sisi walikuwa wakikusanywa mashambani na kurudishwa kwao kwa malori. Sisi tulikwenda kuomba tusirudishwe.

Baba alieleza yote. Bwana shauri, Mzungu kijana, aliandika karatasi: familia hii ikirudi itauawa, kwa hiyo ikae hapa chini ya dhamana ya mwenyeji wao. Mkalimani akatuambia, "Karatasi hii ni hai maadamu hamwendi. Siku mtakayokanyaga kwenu, imekufa."

Tulikaa karibu miaka miwili. Mimi nilijifunza Kikipsigis machungani na watoto wa mwenyeji wetu mpaka nikawa naota kwa lugha hiyo. Mama hakuvuka salamu. Alichuma chai kwa mikono miwili, haraka kuliko wanawake wote wa mstari wake, na jioni hakuwa na mtu wa kuzungumza naye ila sisi.

Kisha habari ikatufikia kupitia mtu wa kanisa. Nyumba ya cucu, mama yake mama, imechomwa. Yeye amehamishiwa kijiji kipya chenye handaki na miti iliyochongwa, na anatema damu.

"Nakwenda," mama alisema.

Baba aliweka nyundo chini. "Mama watoto, unataka kutuua?"

"Nina mama mmoja."

"Na hawa watoto wana mama wangapi?"

Kwa siku tatu mama hakula. Siku ya nne mke wa mwenyeji wetu alikuja na shanga zake na shuka ya kujifunga. Alimvika mama, akamfunga kitambaa kuanzia kidevuni hadi utosini, kama mtu anayeumwa jino. Kitambaa kilifunika masikio, ambayo hayakuwa na matundu makubwa kama ya wanawake wao, na kilimpa sababu ya kutosema. Kusema ingekuwa kazi yangu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu.

Wanawake wa Kikipsigis hawakudaiwa kipande cha kusafiria. Kwenye steshini ya Nakuru askari mmoja alisimama mbele yetu, akatuangalia, akamwamkia mama, "Chamgei!" Mama akaguna. Mimi nikaitikia, nikamwambia kwa Kikipsigis kwamba jipu limempasuka fizini, nampeleka kwa shangazi aliyeolewa Nairobi. Yule askari akatikisa kichwa kwa huruma, akatutafutia nafasi dirishani.

Tulifika kijijini kwa cucu asubuhi ya siku ya tatu. Shanga zilikuwa kikapuni, mama amejitanda leso kama wanawake wa kwao. Tukaingia pamoja na waliokuwa wakirudi na kuni. Tulimkuta cucu kwenye handaki, anachimba kwa amri ya homgadi. Mwanamke wa umri ule, anayetema damu, anainua jembe! Alipomwona mama hakupiga kelele. Alimshika uso tu, udongo wote ule mikononi.

Nadhani walikaa hivyo kiasi cha kuhesabu mpaka hamsini. Kisha kiboko kikamshukia mama mgongoni.

Aliyekishika alikuwa binamu yake, mtoto wa mjomba wake, amevaa koti la homgadi. "Umerudi, dada," alisema. "Mumeo yuko wapi?"

Walimvuta mpaka uwanjani na kuwaita watu wote watazame. Wawili walimlaza kifudifudi, wa tatu akamkanyaga shingo. Nilihesabu viboko kwa sababu sikujua nifanye nini kingine, nikapoteza hesabu leso ilipochanika na nyama ikaonekana. Kila baada ya muda binamu yake aliinama na kuuliza lile lile. Binamu akaokota mpini wa jembe, akauweka mkono wa kulia wa mama juu ya jiwe, akaupiga. Nilisikia mifupa.

"Amekufa!" mama akapiga yowe. "Alikufa Kericho! Mnamtaka maiti?"

Binamu akanigeukia. "Wewe. Babako amekufa?"

Kabla sijajibu, nyuma yangu cucu alikuwa amesikia. Alimpenda baba kuliko wanawe, kwa kuwa alimjengea nyumba bila kuambiwa. Akaangua kilio ambacho sijawahi kukisikia tena, akajitupa chini, akajipaka vumbi kichwani, akimwita baba kwa jina la nyumbani na kuuliza nani sasa atamzika yeye. Wanawake wengine wakaanza kulia. Uwanja mzima ulikuwa ukimlilia baba yangu.

Yule binamu alimtazama cucu kwa muda, akatupa mpini. "Waondoeni."

Walitusukuma hadi langoni. Kikapu walikibwaga, wakakanyaga shanga mpaka zikawa unga. Hatukupata nafasi ya kumnong'oneza cucu neno moja. Alikufa mwezi ule ule, akiamini mkwewe amemtangulia.

Bila shanga, na mama mkono umevimba kama boga, hatukuweza kudanganya tena mtu. Askari wa steshini ya Lumbwa, jirani na Kericho, walitukamata tunashuka, wakatupeleka kwa bwana shauri. Baba na mwenyeji wetu wakaitwa.

"Ulisema kwenu ni kifo," bwana shauri alimwambia baba. "Mkeo amekwenda, amerudi. Kifo kiko wapi?"

Mama aligeuka, akashusha shuka. Mkalimani akatazama dirishani. Bwana shauri alitazama ule mgongo, shingo yake ikawa nyekundu, lakini akasema, "Amepigwa. Hakuuawa. Nitaandikia wilaya yao niulize kama mtu huyu yuko hatarini."

Mama akapiga magoti. "Usiandike, Bwana! Nimewaambia amekufa. Ukiandika watajua yuko hai."

Mkalimani akatafsiri. Bwana shauri akafikiri, akasema, "Kwa hiyo wewe ni mtu wa kusema uongo." Akaandika.

Majibu hayakuja kwa posta. Yalikuja kwa gari, wiki tatu baadaye, watu wanne na yule binamu wa mama mbele. Baba alikuwa anarekebisha mlango wa zizi la mwenyeji wetu. Mwenyeji alisimama njiani na rungu lake, akasema kwa ile sauti yake ndogo kwamba mgeni huyu ameandikwa kwa jina lake. Walimpiga kitako cha bunduki mdomoni, meno mawili yakaanguka. Baba mwenyewe akasema, "Rafiki yangu, inatosha," akanyoosha mikono wakamfunga. Walianza kumpiga kabla gari halijaondoka.

Sisi tuliachwa. Mwenyeji wetu hakutufukuza, ingawa kila alipokula tulimwona anavyotafuna upande mmoja. Mama alirudi kwenye chai akichuma kwa mkono wa kushoto, na mimi nikawa mkono wake wa kulia.

Baba alirudi mwishoni mwa miaka ile ya vita, baada ya kambi nyingi za kizuizini. Sikio moja lilikuwa limekufa na mguu wake haukukunjika. Mama alimwekea maji ya kuoga, akasimama mlangoni asiingie wala asiondoke.

"Baba watoto," alisema, "nilikuua mimi."

Baba aligeuza sikio linalosikia, akamwomba arudie. Mama akarudia. Maji yakapoa.

"Ulimwona mama yako?" baba akauliza.

"Nilimwona."

"Alikushika?"

"Alinishika uso."

Baba akaitikia kwa kichwa, akamwomba amletee sabuni.