Sisi Tuna Laini Mbili

Juzi pale Ruiru niliona ukuta una picha za watu wawili wa chama kimoja, wote wakiomba kiti kimoja. Mjukuu wangu akafurahi. "Shosho, hawa wamejipanga. Wako wawili." Nilicheka mpaka nikashika ukuta, maana hata mimi nikiwa mtoto niliwahi kufurahi hivyo hivyo.

Ilikuwa alasiri kwenye shamba la katani karibu na Thika, na uvundo wa katani iliyooza ulikuwa umetukaba koo. Wafanyakazi walikuwa wakichagua mtu wa kuwasemea kwa meneja. Chama cha baba kilikuwa na watu wengi kuliko upande wa nyapara. Lakini siku ya kuchinja mbuzi wa chama, baba alikosana na rafiki yake, Baba Wanjiru, juu ya nani akatiwe mbavu kwanza. Basi kila mmoja akasimama kivyake.

Kura ilikuwa ni kupanga laini nyuma ya mtu wako. Laini ya baba ilifika kwenye mfereji, na ya Baba Wanjiru ikafika hapo hapo. Ya nyapara iliupita mfereji kidogo tu.

Nikakimbia nyumbani. "Mama, tumeshinda. Sisi tuna laini mbili, nyapara ana moja."

Mama aliacha kumenya viazi. "Na baba yako yuko wapi?"

"Anabishana na Baba Wanjiru, laini ya nani ilikuwa ndefu."

Mama akarudia viazi vyake.

Jumatatu nyapara alienda kwa meneja kutusemea. Alimwambia tumeridhika.