Watoto wa Masika na Kiangazi

"Diploma hiyo haikufikishi popote," walisema katika ofisi ya elimu. "Wenye shahada wameshindwa kuziweka shule zote kwenye mfumo mmoja, itakuwa wewe?"

Nilikuwa nimerudi Dodoma kutoka ng'ambo, ambako nilijisomesha kwa kuosha vyombo hotelini. Nikafanya kazi. Haikupita miezi mingi, orodha za wanafunzi zilizokuwa zikioza makabatini zote zilikuwa kwenye kompyuta. Niliziingiza mimi, na sioni aibu kulisema.

Mimi si mwepesi wa kuamini. Takwimu zikipendeza, nazichimba. Ndivyo nilivyowakuta watoto wa darasa la saba wa shule moja ya Kongwa wameandikishwa pia Mtera. Majina yaleyale, wazazi walewale.

"Wanafunzi hewa hao," mkuu wangu alisema. "Futa kotekote. Ijumaa orodha ya mtihani inaondoka."

Atakayefutwa hafanyi mtihani wa kumaliza shule. Haraka ile sikuipenda. Nilimshuku mwalimu mkuu wa Mtera kwamba anajaza darasa asipunguziwe walimu, na nilimshuku mkuu wangu kwamba anakwepa kazi. Gari la ofisi nikanyimwa. Nikaazima pikipiki kwa muuza mtama wa soko la Majengo, kofia ngumu kwa shemeji, na kishikwambi kwa mwalimu jirani yangu.

Mwalimu mkuu wa Mtera alikuwa mama mtu mzima, mkali wa macho.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kutufungia shule?"

"Nimekuja kuwaona watoto."

"Waone. Si majini hao."

Nilimwomba asubiri nje, nikaita majina mwenyewe. Kila aliyeitika nilimuuliza anafundishwa na nani Kongwa, maana mtoto wa kuazimwa asingejua. Walijibu bila kusita. Msichana mmoja akanishangaa.

"Masika tunalima kwa babu, Kongwa. Mvua ikiisha baba anakuja huku bwawani kuchuuza samaki, tunakuja wote. Kwani nyie hamhami?"

Darasa likacheka.

Nikatoka kumuuliza mwalimu, "Mbona hamuwapi uhamisho?"

"Barua ikifika, mtoto ameshaondoka. Mimi na mwenzangu wa Kongwa tumekubaliana hakuna kufuta. Ukimkuta kwako, mfundishe."

Sikuridhika. Nikampigia mwenzake papo hapo.

"Wewe nani?" sauti ikauliza. "Mpe simu huyo mama nimsikie kwanza."

Naye hakuniamini; alipomsikia mama ndipo akathibitisha majina yote. Nikampenda kwa hilo.

Nikampa kila mtoto namba moja, ikiwa na shule yake ya masika na ya kiangazi. Mtihani huangukia kiangazi, kwa hiyo kituo chao kikawa Mtera. Mkuu wangu alipekua akitafuta kosa, hakuliona. Wenye shahada wangewafuta watoto wale, mfumo wangu uliwabeba. Ijumaa orodha iliondoka, wote wamo.

Jumamosi nikarudisha vya watu. Kishikwambi kikiwa na chaji, kofia imepanguswa vumbi. Muuza mtama aliizunguka pikipiki yake, akabonyeza breki, akafungua tangi.

"Umejaza mafuta? Umeniharibia nini?"

"Sijaharibu kitu."

Akaizunguka tena. Nikasimama palepale kwenye magunia, mikono mifukoni, hadi aliporidhika. Sikutaka kuondoka Majengo nikiwa nadaiwa hata neno.