Kari za Nchi Sita, Sufuria Moja

Siku ya kwanza Balozi alipoingia dukani, Mama Mizani alimpima kwa macho kabla ya kumpimia kitu. Shati safi, viatu vimeliwa kisigino, kucha za manjano: mpishi. Mtu yule akaweka mfuko wake juu ya kaunta, akasema anafungua mgahawa mtaa wa pili, mgahawa wa kari za dunia. Akazitaja kwa vidole: ya India, ya Tailandi, ya Japani, ya Karibi, ya Uingereza na ya Ujerumani.

"Hongera, kaka. Basi tuanze na mchaichai wa Tailandi," Mama Mizani akasema, mkono umeshafika rafuni.

"Nipe bizari ya mchuzi. Kilo moja."

"Na ya Japani?"

"Hiyo hiyo."

"Karibi je?"

"Dada, kwani bizari ina pasipoti?"

Alipoondoka alikuwa na kilo yake, bei imeshuka mara mbili, na kitunguu saumu cha nyongeza mkononi. Tangu Mama Mizani aanze biashara na beseni moja la vitunguu saumu kando ya barabara, hakuna mteja aliyewahi kumtoa nyongeza siku ya kwanza. Alimheshimu palepale. Na palepale akaapa kwamba kitunguu kile kitarudi.

Wiki iliyofuata alikwenda kula, ajionee. Meza sita, ubao wenye nchi sita, na pazia la maua mbele ya jiko. Alichagua kiti kinachotazama upenyo wa pazia. Humo aliona sufuria moja, kubwa kama ngoma, na mke wa Balozi akiwa na sinia la vikorombwezo. Mteja akiagiza Tailandi, mke anachota upawa mmoja, anamiminia tui. India, anaweka kijiko cha mtindi na jani la dania. Japani, anakorogea unga wa ngano iwe nzito. Karibi, pilipili nzima juu, haikupasuliwa, isije ikaleta kesi. Uingereza, maziwa. Ujerumani, soseji. Kisha kijiti chenye kibendera cha karatasi kinachomekwa katikati, na bakuli linatoka ukumbini kwa heshima zote za kidiplomasia. Ndiyo maana watu walimwita Balozi, ingawa mpaka wa mbali zaidi aliowahi kuuvuka ni ule wa kati ya jiko na ukumbi wa chakula wa shule ya bweni, alikopikia wanafunzi mia nne kwa miaka kumi na tisa. Sufuria lenyewe alikabidhiwa alipostaafu.

Mama Mizani alikula Karibi yake yote, akafuta midomo, akalipa. Siri ya mteja ni bidhaa; mwenye akili haiuzi kabla soko halijachangamka.

Soko likachangamka mwaka wa pili. Karibu wateja wote wa Balozi walitoka katika jengo la ghorofa nne ng'ambo ya barabara, la kampuni ya bima. Siku moja kampuni ikatangaza kwamba inafungua kantini ndani ya jengo, na inatafuta mpishi. Akipewa mwingine, meza sita za Balozi zitabaki za kukalia nzi. Habari mbaya zaidi ni kwamba waonjaji watatu wangeongozwa na Meneja, bwana aliyewahi kupelekwa ng'ambo kwa mafunzo ya wiki tatu, na ambaye kimazungumzo hajarudi mpaka leo.

"Atanijua," Balozi alisema, amejiinamia kwenye kaunta ya duka. "Yule amekula vitu kwao kwenyewe. Anayekula bakuli moja kwa siku hajui; yeye ataonja la kwanza, la pili, la tatu atacheka."

Mama Mizani akainama, akavuta sanduku chini ya kaunta na kulipuliza vumbi. Alilinunua kwenye mnada wa hoteli iliyofilisika: mchaichai mkavu, majani ya ndimu, iliki nyeusi, mbegu ambazo hata yeye alizijua kwa harufu tu, na kitabu cha mapishi chenye madoa ya mafuta. Mwaka mzima hakuna aliyelinusa.

"Pika za kweli basi. Sanduku chukua, sikudai kitu. Ila ukishinda, kila kiungo cha kantini unanunua kwangu. Hata chumvi."

"Hata chumvi," Balozi akasema taratibu, kama anayelionja neno. "Na wewe unaleta mwenyewe, mpaka jikoni."

"Naleta mwenyewe."

Wakapeana mikono. Mama Mizani alirudi kwenye mizani yake akijua kwamba ametoa takataka na kuchukua shamba.

Balozi alipika wiki nzima, kitabu kimeegemezwa kwenye kopo la chumvi. Siku ya tatu, ya Tailandi ilimtoa jasho mpaka akakaa chini. Siku ya tano alimwita mkewe aonje ya India, akamwona mkewe ananyamaza, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu harusi.

"Tamu," mke alisema mwishowe. "Lakini mimi kesho nabandika sufuria langu kama kawaida. Wateja wa mchana hawali vitabu."

Waonjaji walifika saa tano asubuhi. Mama Mizani alikaa meza ya pembeni, akijifanya anasubiri chai. Mabakuli sita yakatoka, kila moja na bendera yake, kila moja na harufu yake, mpaka mpita njia mmoja akasimama mlangoni. Meneja akaonja Tailandi. Akaweka kijiko. Akaonja Japani. Akawatazama wenzake kama daktari mwenye habari mbaya.

"Balozi, hapa umetuangusha. Hii si ya Tailandi."

"Ni yenyewe, bosi."

"Unanifundisha mimi? Mimi nakula Tailandi hapa kwako kila Jumatano! Ile ina utulivu. Hii inapiga kelele." Mwonjaji wa pili akaunga mkono kwamba India imechakachuliwa. Wa tatu akauliza soseji imefanywa nini.

Mazoea yana taabu. Balozi alirudi nyuma ya pazia, uso umemshuka, na Mama Mizani akamfuata kabla kalamu ya Meneja haijagusa karatasi.

"Pakua ile," akamwambia, kidole kikielekea kwenye sufuria la mke.

"Dada, zile pale ndizo za kweli."

"Sikuulizi za kweli. Nakuuliza unataka kantini au hutaki?"

Mke hakusubiri jibu, upawa ulishazama. Balozi akajifuta uso, akatoka na sinia jipya. "Mabosi, samahani, zile zilikuwa za kuzindua ulimi. Kari zenyewe hizi hapa."

Meneja akaonja, akafumba macho. "Sasa umefika!" Akawaonyesha wenzake jinsi Karibi inavyokuja na ukali wake polepole, ingawa pilipili ilikuwa imelala juu, nzima kama ilivyozaliwa. Uingereza akaisifia ulaini wa maziwa. Nyuma ya pazia mke akajishika mdomo: kwa haraka ile, maziwa alikuwa ameyasahau.

Kantini wakampa Balozi, ghorofa ya nne.

Yale mabakuli sita yaliyokataliwa aliyabeba mama msafishaji wa jengo la bima, aliyekuwa akipita, ili asitupe chakula mbele ya Mungu. Kesho yake alirudi na wenzake wawili. "Baba, ile waliyoikataa ipo?" Tangu hapo, sufuria dogo la vitu vya sandukuni hukaa jiko la nyuma la kantini, na wasafishaji hula hapo kwenye ngazi, huku ukumbini wakubwa wakizunguka dunia kwa sufuria la shule.

Mama Mizani anauza bizari kwa gunia, hilo halina ubishi. Lakini lifti ya jengo ni mbovu, na Balozi, aliyekwisha kuzisoma ngazi zile kabla hajapeana mkono, huagiza chumvi yake pakiti mojamoja.

Mama Mizani anafika juu anahema. "Si ungeniambia nilete katoni nzima?"

"Mapatano, dada. Hata chumvi, mpaka jikoni."

Siku moja harufu ya jiko la nyuma ikamzidi, akaomba bakuli. Akala amesimama kati ya wasafishaji, akatambua mchaichai wake, iliki yake, mwaka mzima wa vumbi lake. Alipomaliza akageuka kuondoka.

"Dada," Balozi akaita, kiganja wazi.

"Sanduku langu hili, Balozi!"

"Kari yangu."

Akabembeleza bei mara mbili, haikushuka. Akaomba nyongeza, akapewa kitunguu saumu kimoja. Akakitia mfukoni, akalipa, akaanza kushuka ngazi.