Nyumba ya Korane Yaomba Kibali cha Kwenda Elwak

Saa moja asubuhi, Korane Hirsi amelala chali chini ya nyumba yake. Miguu tu ndiyo inaonekana. Anakaza nati, anatukana, anamwomba Mungu msamaha, kisha anakaza nyingine.

Nyumba hiyo ina magurudumu sita. Ina usukani, honi isiyolia na tangi la mafuta. Juu yake kuna kuta za mbao za masanduku ya chai, paa la mabati, mlango mmoja na dirisha lenye pazia la maua. Maandishi ya masanduku bado yanasomeka ukutani, mengine miguu juu.

"Hili lilikuwa lori," anasema Korane akitoka chini, uso umejaa grisi. "Sasa ni nyumba. Ukitaka kuingia, vua viatu."

Korane ana miaka arobaini na sita. Ameendesha malori kutoka Garissa kwenda kaskazini kwa zaidi ya miaka ishirini. Kabla ya hali ya hatari kutangazwa mwishoni mwa 1963, alikuwa akienda Wajir mara nne kwa mwezi na sukari, akirudi na ngozi. Mwaka huu wa 1967, akienda mara moja anashukuru. Magari hayasafiri peke yake tena. Yanakwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, na siku ya kuondoka dereva huambiwa siku chache tu kabla.

Lori hili alilinunua mwaka jana kwa shilingi mia tisa, kutoka kwa mfanyabiashara aliyekata tamaa na barabara. Rafiki zake walimcheka. Bado wanamcheka, lakini wawili kati yao wameshachagua vitanda.

Wawili hao ni Dekow, mwenye duka la nyama sokoni, na Olow, fundi cherehani. Pamoja na Korane wamepanga safari ya zaidi ya maili mia tatu: Garissa, Modogashe, Habaswein, Wajir, mpaka Elwak karibu na mpaka wa Somalia. Watalala njiani, na kila watakapolala watakuwa nyumbani.

Wazo hilo lilimjia Korane akiwa selo.

"Lori liliharibika, msafara ukaniacha, nikafika Habaswein saa kumi na mbili na dakika tano jioni," anaeleza. "Kafyu inasema saa kumi na mbili kila mtu awe nyumbani kwake. Askari akaniuliza, 'Nyumba yako iko wapi?' Nikamwambia Garissa. Akasema, 'Basi umechelewa kurudi nyumbani kwa maili mia moja na hamsini.' Nikalala ndani, mimi na mbuzi mmoja ambaye pia alikuwa amekamatwa. Nikafikiri: kama nyumba ingekuwa nami, ningekuwa nyumbani. Wallahi, nisingevunja sheria yoyote."

Lakini hakuna mtu anayejenga nyumba juu ya lori ili kumkomoa askari. Korane ana binti anayeitwa Nafiso, anayeishi Elwak. Aliolewa huko Januari 1964, alipokuwa kwa shangazi yake, wiki chache baada ya njia kufungwa. Baba hakufika. Mama hakufika. Sasa Nafiso ana mtoto wa kike wa miaka miwili, Kaaha, ambaye babu yake hajawahi kumwona.

"Barua zinafika, mimi sifiki," anasema Korane. "Mwezi uliopita Nafiso aliandika kwamba mtoto anamwita kila dereva wa lori babu. Kila dereva! Wewe unawajua madereva wa lori?"

Msafara unaofuata unaondoka Jumanne. Baada ya huo, hakuna anayejua. Leo ni Jumamosi, na kibali lazima kipatikane kabla ya saa sita mchana Jumatatu.

Mipango hufanyiwa nyuma ya duka la Dekow, kati ya kichwa cha ng'ombe na birika la chai.

"Mimi nakuja na mbuzi," anasema Dekow.

"Nyama ya mbuzi?" anauliza Olow.

"Mbuzi. Mzima. Nyama inaoza siku ya pili. Mbuzi hajaoza hata siku moja."

"Atalala wapi?"

"Kuna vitanda vitatu."

"Na sisi ni watatu."

"Basi wewe na cherehani yako mtaamua nani ashuke."

Cherehani hiyo ina hesabu yake. Msafara ukikwama siku mbili, anasema Olow, patakuwa na askari arobaini wenye suruali zilizochanika, na yeye atakuwepo. Lakini sababu yake kubwa ni maji. Alizaliwa Elwak, na hajayanywa maji ya visima vya kwao kwa miaka kumi na mitano.

"Maji ya mto hapa yana ladha ya kiboko," anasema.

"Umewahi kumwonja kiboko?" anauliza Dekow.

"Kila siku, katika chai yako."

Kuna jambo moja ambalo hawabishani. Chini ya kiti cha dereva kuna magunia manne ya mchanga, kwa sababu ya mabomu yanayofukiwa na waasi barabarani. Korane anawajua kwa majina madereva watatu waliokufa katika njia hiyo. Anapowataja, Dekow anaacha utani, ananoa kisu kwa muda, kisha anaanza tena.

Arbia, mke wa Korane, amekaa mlangoni pa nyumba nyingine, ile isiyo na magurudumu. Anasuka mkeka. Kazi ya lori imechukua wiki saba na hakuna aliyemuuliza kitu.

"Warya, wewe Korane," anasema leo, "tangu lini mwanamume akajenga nyumba?"

Swali hilo lina uzito. Kwa wafugaji wa huku, nyumba ya kuhama, wanayoiita aqal, ni ya mwanamke. Yeye ndiye hupinda fito, hufunga mikeka, huibomoa na kuipakia juu ya ngamia. Mume hulala humo kwa hisani yake. Lakini wanaume hawa watatu wamekaa mjini mpaka wamesahau.

"Hii si ya ngamia," Korane anamjibu. "Hii ni ya injini."

"Ngamia hatikisi kama injini," anasema Arbia, na kuurudia mkeka wake.

Saa tisa alasiri wanaijaribu. Korane anashika usukani, Dekow na Olow wako ndani pamoja na mbuzi. Lori linashika njia ya mchanga kuelekea mtoni. Robo maili, hakuna tatizo. Nusu maili, gurudumu la mbele linaingia shimoni huku la nyuma likiwa juu, na fremu ya lori inajipinda kama fremu yoyote ya lori. Nyumba, iliyopigwa kilo sita za misumari, haitaki kujipinda.

Misumari inaanza kung'oka mmoja mmoja, kwa mlio kama wa bunduki. Watu walio karibu wanajitupa chini. Ukuta wa kushoto unaanguka. Wa kulia unaufuata. Mabati yanaondoka na upepo. Olow anabaki ameketi kitandani hadharani, ameshika pazia. Mbuzi hayupo.

Askari wanafika mbio, silaha tayari. Mkubwa wao anatazama mbao, anamtazama Olow.

"Nani amewashambulia?"

"Barabara, Afande," anasema Dekow.

Mbuzi anapatikana baada ya saa moja, kwenye shamba la mahindi la mtu. Nyumba haipatikani tena. Korane anarudi kwake, anakaa kwenye mkeka. Wiki saba zimekwisha, na siku zilizobaki ni moja na nusu.

"Kaaha ataendelea na wale babu zake madereva," anasema.

Arbia anamngoja amalize chai.

"Nyumba inayosafiri haipigwi misumari," anasema. "Inafungwa kwa kamba. Njia ikijipinda, na yenyewe inajipinda. Mama yangu alilijua hilo kabla hajaona gari."

"Si ungesema!"

"Si ungeuliza!"

Jumapili asubuhi Arbia anatoa mikeka tisa mipya kutoka nyuma ya nyumba, mikubwa, yenye mapambo ya rangi nyekundu. Anatoa na mzigo wa fito. Korane haulizi vimetoka wapi. Dada yake Arbia, Qali, anakuja na wanawake wawili wa jirani. Wanaume wanaambiwa wasimame mbali.

Kufikia adhuhuri, juu ya lori kuna aqal kamili, mviringo kama yai kwenye sinia. Arbia anamwamuru mumewe apite kwenye shimo lile lile. Lori linajipinda. Nyumba inainama kushoto, inainama kulia, inarudi wima. Hakuna kamba iliyolegea.

Arbia ana sharti moja. Nyumba ni yake, kwa hiyo naye anakwenda.

"Na sisi?" anauliza Dekow.

"Ninyi ni wageni. Mgeni haji na kitanda chake."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi karibu. Yeye hakupiga msumari."

Jumatatu saa nne na nusu lori liko mbele ya ofisi ya vibali. Karani, kijana mwenye miwani na kalamu mbili mfukoni, anatoka nje na kulizunguka mara mbili.

"Hii ni nini?"

"Lori," anasema Korane.

"Nyumba," anasema Dekow, kwa wakati ule ule.

Karani anakunja uso. Tangu mwaka jana, amri ni kwamba kila nyumba ikae katika kijiji ilipoandikishwa. "Gari lina fomu," anasema. "Mzigo una fomu. Abiria wana fomu. Nyumba inayokwenda Elwak haina fomu."

"Bwana karani, amri inasema saa kumi na mbili niwe nyumbani."

"Ndiyo."

"Nitakuwa nyumbani."

"Wapi?"

"Popote."

Karani anavua miwani, anaifuta kwa shati. "Mzee wangu, ukiwa nyumbani popote, mimi nikuandike wapi?"

Dekow anapendekeza iandikwe hema. Karani anasema mahema ni ya jeshi. Olow anajitolea kumshonea suruali bure. Karani anaitazama suruali yake, anauliza ina kasoro gani, na kuanzia hapo mambo yanaharibika. Saa tano na robo, Korane ameketi kwenye bampa, mikono kichwani. Anajua kwamba wakiandika malori ya kesho bila lake, hatamwona mjukuu wake mwaka huu. Pengine na mwaka ujao.

Kichwa cha Arbia kinatokeza mlangoni, juu.

"Bwana karani. Umesema mzigo una fomu?"

"Ndiyo, mama."

"Fito na mikeka ni mzigo?"

"Ni mzigo."

"Basi ngoja hapo."

Anaanzia juu. Anafungua kamba ya kwanza, ya pili, ya kumi. Mikeka inashuka na kukunjwa. Fito zinatoka mbili mbili. Korane anainuka kusaidia na anafukuzwa. Dekow anapewa kazi ya kushika kamba, na anaishika kwa adabu ambayo watu wa sokoni hawajawahi kuiona. Baada ya dakika ishirini na tano nyumba haipo. Kuna lori wazi, na mizigo miwili iliyolingana, mmoja kila upande, kama ilivyo juu ya ngamia.

Karani anahesabu kwa sauti huku akiandika. Fito hamsini na mbili. Mikeka tisa. Ngozi mbili. Cherehani moja. Mbuzi mmoja. Watu wanne. Muhuri unagongwa zikiwa zimebaki dakika nane kufika saa sita.

"Na njiani jioni mtalala wapi, mama?" anauliza, kwa ajili ya mstari wa mwisho wa fomu.

"Nyumbani," anasema Arbia.

Karani anaandika "garini" na kufunga daftari.

Jumanne, jua limechomoza, malori kumi na mawili yamepangwa foleni barabarani. Korane anakagua magurudumu. Anasema akipata mizigo ya kurudi, nyumba hii itamfanyia kazi miaka kumi. Atakwenda nayo Wajir, atakwenda nayo Mandera, hata Ijara.

"Nyumba hairudi," anasema Arbia.

Wanaume watatu wanageuka.

"Binti akiolewa, mama yake ndiye humpelekea nyumba," anasema. "Mimi sikumpelekea Nafiso. Njia ilifungwa. Miaka mitatu na nusu anakaa kwa mama mkwe. Mikeka hii niliianza wiki ile ile waliyofunga njia."

Korane anaitazama mikeka, kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza.

"Nilidhani unasuka ili kupitisha wakati."

"Wakati umepita. Mikeka ndiyo hii."

Dekow anauliza watalala wapi wakati wa kurudi.

"Mna magunia manne ya mchanga," anasema Arbia. "Ni laini."

Injini zinaanza kunguruma. Korane anapanda, anabonyeza honi kwa mazoea, na honi hailii. Anatoa kichwa dirishani. Mpango umebadilika, anasema, lakini si sana.

"Kituo cha mwisho kabla ya Elwak, Arbia ataijenga tena. Tuingie mjini ikiwa imesimama. Tutakuwa malori kumi na mawili, madereva kumi na wawili. Mtoto akiuliza babu yake ni yupi, aambiwe ni yule aliyekuja na nyumba."

"Nyumba ya nani?" inauliza sauti kutoka nyuma.

"Ya bibi yake," anasema Korane, na kuingiza gia.