Alama za Mdomo za Wambui

Ninyi mliosoma nami miaka ile mnajua historia ilivyopimwa. Ijumaa asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya majani ya chai, tuliingia darasani miguu mitupu imekufa ganzi kwa umande, tumboni mna uji na kipande cha nduma. Mwalimu aliandika maswali ubaoni, nasi tukajibu kimya: Mreno gani alifika pwani kwanza, Mwingereza gani alijenga reli. Jioni majina yalisomwa kwa sauti, na wa mwisho aliijua njia ya kwenda kuinamia meza achapwe viboko. Hakuna mzazi aliyekesha akikata karatasi za manila za kazi ya shule huku mtoto amelala. Namshukuru Mungu kwa shule ile, maana ndiko nilikojifunza kusoma Neno lake. Lakini kuna jambo moja nimeliombea uvumilivu miaka mingi, na bado linaniudhi.

Nilikaa dawati moja na Wambui, jirani yetu huko Giakanja. Ukimsikiliza njiani tukirudi nyumbani, aliijua historia kuliko sisi sote. Akishika kalamu, Kiingereza kilimkimbia. Kila muhula alishika mkia. Baba yake, mkulima wa kahawa asiye na maneno mengi, akasema akiwa wa mwisho tena, shule imekwisha.

Muhula huo alikuja Mwalimu Wafula, kijana kutoka magharibi ambaye Kikuyu hakukijua hata salamu. Alitupima kwa njia ambazo hatukuwa tumeziona. Mara tuchore ramani ya kijiji chetu, mara tumuulize mzee mmoja nyumbani, kisha tuje tusimame mbele tusimulie naye atuulize maswali.

"Ati hadithi za shosho ndio mtihani?" mmoja wetu alisema kule nyuma, akiwakejeli bibi zetu. "Huyu ametumwa kutupotezea wakati."

Tulicheka. Mwalimu hakujali. Alitusikiliza mmoja mmoja, ameshika kidevu, hata saa ya chakula ikapita.

Zamu ya Wambui ilipofika, kicheko kilikwisha. Alisimulia kwa Kiswahili juu ya handaki ambalo mama zetu walichimbishwa kando ya msitu wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na mkoloni, ili chakula kisiwafikie wapiganaji wa uhuru waliokuwa ndani. Alieleza vijiti vilivyochongwa na kusimikwa chini yake, nani alichimba na mtoto mgongoni, wimbo gani uliimbwa askari akigeuka. Mwalimu alimuuliza walipumzika saa ngapi. Akajibu hawakupumzika, walibadilisha mkono tu. Akapewa alama za juu kabisa.

Siku ya kufunga shule, mwalimu mkuu alizifuta alama hizo. "Mtihani ni karatasi," akamwambia Mwalimu Wafula mbele yetu. "Mdomo kila mtu ako nayo."

Wambui akawa wa mwisho.

Jumamosi Mwalimu Wafula aliniomba nimwonyeshe njia ya kwenda kwa kina Wambui. Tulimkuta baba yake akianika kahawa.

"Mzee, huyu mtoto anaijua historia kuliko mimi," mwalimu alisema. "Msikilize kwanza."

"Wambui, sema," baba akaamuru.

Akasimulia yote, na kati ya waliochimba akamtaja mama mzazi wa baba yake, ambaye kwa desturi yetu Wambui alirithi jina lake. Mzee alivua kofia. Nikadhani Bwana amefungua mlango.

"Hiyo yote ni ukweli," akasema. "Mama yangu alichimba hapo mpaka mgongo ikaharibika. Lakini mwalimu, ile siku ya mtihani ya serikali, kuna mtu atakuja kumwambia aongee?"

Mwalimu alitazama chini. "Hapana."

"Sasa mimi nitafanya nini?"

Muhula ulipofunguliwa nilikaa dawatini peke yangu.

Leo serikali imeleta yale yote: mahojiano, ramani, michezo ya kuigiza, miradi ya mikono. Nilifurahi sana mjukuu wangu Shiru alipofika kutoka kwao Ruring'u kunihoji juu ya handaki lile lile. Akanielekezea simu usoni.

"Shosho, sema kidogo tu. Iwe dakika mbili."

"Shiru, mambo haya hayaingii katika dakika mbili."

"Basi sema tu ya kuanza. Hizo zingine nitatoa kwa simu."

Mfano wa handaki lenyewe ulijengwa na mama yake kwa boksi la viatu na vijiti vya meno. Matokeo yakaja: amezidi matarajio. Nani amezidi? Nilienda mkutano wa wazazi nikamuuliza mwalimu wake kwa nini watoto wasisimame wakasimulia. Mwalimu huyo ni binti mpole.

"Shosho, darasa imejaa mpaka kwa mlango," akanijibu. "Na kila kazi lazima nipige picha nitume kwa mtandao. Nitawasikiza saa ngapi?"

Namkumbuka katika sala zangu. Sisi tulikuwa na mwalimu wa kutusikiliza, tukakosa mtu wa kuzikubali alama zake. Hawa alama wanazo tele, na masikio hakuna.

Wambui yu hai, Mungu ni mwema. Majuzi aliniambia mjukuu wake naye aliletewa kazi hiyo ya handaki. Wazazi wake wakampeleka saiba, duka la intaneti, mjini Nyeri, wakamtolea kurasa nzuri zenye picha za rangi. Wambui alikuwa jikoni mle mle walimopanga safari hiyo, anamenya viazi, wala hakuna aliyemuuliza. Alinisimulia akicheka. Mimi sikuweza.