Desemba Watu Hupanda

Mimi ni Mchaga nisiyejua kupanda mlima. Nilizaliwa kwenye mteremko wa Kilimanjaro, nikakulia migombani, na kila mtu hapa Texas akishasikia hivyo huniuliza kileleni kukoje. Nitajuaje? Kule kileleni walikuwa wakienda wageni. Sisi tulikuwa na ng'ombe wa kukatia majani. Sasa naishi Carrollton, ambako mwinuko mkubwa kuliko yote ni daraja la barabara kuu, na nilikuwa nimeridhika kabisa mpaka binti yangu aliponitafutia mlima mwingine.

Ni mtoto wetu wa pekee. Alikuwa akisomea unesi kama mimi mama yake, akaacha katikati. Hakufeli wala hakufukuzwa. Aliacha tu, kisha akapata kazi ya kutunza kibanda kwenye milima ya Colorado, mbali na barabara, mbali na maduka, mbali na mimi. Wapanda milima wakifika huko wanamkuta yeye: anawapokea, anapasua kuni, anachota maji, anafagia. Nilipomuuliza kwa simu analala wapi, akajibu, "Hapo hapo kwenye hut, Mama."

Nilimsimulia rafiki yangu Mkenya, nesi mwenzangu wodini, huku nalia. Yeye akacheka.

"Sasa wewe unalia nini? Si nyinyi ndio watu wa mlima? Mtoi amefuata damu tu!"

Mimi sikutaka afuate damu, nilitaka afuate mitihani. Kwa hiyo kiangazi kilipofika nilimwambia mume wangu tunakwenda kumchukua.

Kabla ya kuondoka nilikata jani la sale. Kwetu uchagani, sale ni mmea wa kuombea radhi. Mtu akikuletea jani lake lililofungwa fundo, hukatai, hata kama ni yeye aliyekuchomea shamba. Hapa Marekani wanauuza dukani kama pambo la sebuleni, na wangu umesimama kando ya televisheni. Nililipiga lile jani fundo, nikalificha kwenye pindo la kanga, nikajifunga kanga yangu kiunoni. Mpango ulikuwa rahisi: binti akianza ubishi, natoa sale, hana la kusema, anapanda gari.

Mume wangu aliniona. "Hilo ni la kuomba msamaha," akasema. "Si la kutekea watu nyara."

Nikamwambia awashe gari.

Tukapita Wichita Falls, tukapita Amarillo. Tambarare juu ya tambarare, ng'ombe na upepo. Nililala, nikaamka, nikaikuta tambarare ile ile. Siku ya pili ndipo milima ilipojitokeza, na barabara ya lami ikageuka ya changarawe, na ya changarawe ikageuka mawe matupu. Pikapu ya mume wangu, ambayo siku zote nilikuwa naisema kwamba inakula mafuta bure, ikapata kazi yake siku hiyo. Mwisho wa mawe tukaiacha kwenye uwanja uliojaa maua ya njano, tukaanza kutembea.

Kwetu huendi kwa mtu mikono mitupu, hata kama umekwenda kumchukua. Nilikuwa nimejaza sufuria langu kubwa ndizi za kupika, nyama na maharage makavu. Kanga ya pili nikaikunja ngata, sufuria likapanda kichwani. Wazungu tuliopishana nao, wenye fimbo mbili mbili na mifuko ya mgongoni yenye mirija ya kunyonyea maji, walisimama kutupisha njia kana kwamba anapita askofu. Mama mmoja mzee alinipigia makofi. Nilinyoosha shingo zaidi, ingawa pumzi ilikuwa imeniishia kitambo. Hewa ya huko ni nyepesi, unavuta na hakiingii kitu. Mume wangu alisimama kwenye kila jiwe, eti anatazama maua. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumwona akitazama ua.

Nilikuwa nategemea kukuta banda la kuku. Nikakuta nyumba ya magogo, imara kuliko yetu ya Carrollton, na nje yake binti yangu ameshika shoka. Alikuwa anawasimulia wageni jambo fulani na anacheka. Nilisimama pale na sufuria langu kichwani. Mwaka ule kabla hajaacha chuo alikuwa akija nyumbani anaingia chumbani na kufunga mlango, na mimi nampelekea chakula na kukirudisha kimepoa. Nilikuwa nimekisahau kicheko chake, kwamba huanza chini kisha kinapanda. Nilifurahi, na furaha hiyo ikaniudhi, kwa sababu haikuwamo kwenye mpango.

Jioni niliinjika maharage. Yakachemka, yakachemka, yakaendelea kuchemka. Wageni walikula chakula chao, wakalala, wakaamka, maharage bado yanagonga sufuria kama kokoto. Nilidai kuni ni mbovu.

"Si kuni, Mama," binti akasema. "Huku juu maji yana-boil mapema, kabla ya kuwa moto wa kutosha. Maharage hayaivi. Kila mtu anajua."

"Kila mtu nani?"

"Kila mtu wa mlimani."

Baba yake alicheka mpaka akajishika mbavu. Tukala ndizi.

Asubuhi ya kuondoka nilikuwa na nafasi zote za kutoa jani langu. Sikulitoa. Kulikuwa na baridi, yeye amevaa fulana, nikafungua kanga kiunoni nikamfunika mabegani. Kisha nikauliza kitu kimoja tu. "Krismasi utakuja?"

Akatazama rundo la kuni. "Winter ndiyo wanakuja watu wengi, Mama. Siwezi kuiacha hut peke yake."

"Sawa," nikasema. Ilikuwa ile sawa ambayo kila mtoto aliyelelewa na mama wa kwetu anajua kwamba si sawa hata kidogo.

Tulikuwa tumerudi hadi Amarillo nilipojipapasa kiuno na kukumbuka. Kanga nimeiacha, na sale nimeliacha kwenye pindo. Atalitupa, nikawaza. Ataona ni takataka ya safari, mtoto wa Texas atajulia wapi sale.

Sasa lazima nieleze Desemba yetu. Mchaga anaweza kuishi Dar, Mwanza au Nairobi mwaka mzima, lakini Desemba anarudi kihambani, kwenye shamba la baba yake, juu mlimani. Magari yanafuatana barabara nzima. Mbuzi wanachinjwa, mtori wa ndizi na nyama unapikwa, na asiyepanda anaulizwa habari zake kama mgonjwa. Sisi wa huku, kwa kuwa nauli ni nauli, tulikuwa tunaifanya Krismasi uani kwetu Carrollton, tunachoma nyama na kujidanganya kwamba kuna baridi. Lakini ni mimi, baba na mtoto. Mtoto akikosekana, inabaki nyama tu.

Nilinuna kuanzia Oktoba. Siku moja mume wangu akaweka kikombe chake mezani. "Hebu nikumbushe. Desemba watu wa kwetu hushuka au hupanda?"

"Hupanda."

"Basi!"

Rafiki yangu Mkenya akakubali kuchukua shifti yangu ya sikukuu. "Enda, nita-cover. Lakini ukivunjika mguu usiletwe kwa wodi yangu. Nitakucheka."

Safari hii nilikuwa mjanja. Maharage niliyapika Carrollton, kwenye maji yenye adabu. Mtori niliupika ukaiva, nikaumimina kwenye mabati ya kuokea, nikaugandisha ukawa vipande bapa kama vigae. Binti alitupigia kutoka pale anapopata mtandao, akasema hali ya hewa ni nzuri na hakuna hatari ya theluji kuporomoka, njooni. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na mimi nikajitahidi yangu iwe ya kawaida pia.

Ile barabara ya mawe haikuwepo. Gari la kusafisha theluji linaishia chini kabisa, na kuanzia hapo ni weupe mtupu. Uwanja wa maua ya njano tungeupita bila kuujua kama binti asingetuonyesha. Alikuwa ameshuka kutupokea na sleji ya kukokotea mizigo na viatu vya theluji, ambavyo kuvivaa ni kama kufungwa nyungo miguuni. Nilianguka kabla sijapiga hatua. Nikainuliwa, nikaanguka upande wa pili ili kusiwe na upendeleo. Nikataka angalau sufuria nilibebe kichwani.

"Mama, hapana. Weka kwenye sled."

"Na mimi je?" baba yake akauliza. "Naenea?"

Yeye akatangulia, anavuta mtori, anatukanyagia njia ili nyungo zetu zisizame. Kila baada ya kitambo aligeuka kutuhesabu, kama mimi nilivyokuwa nikigeuka kumtafuta dukani alipokuwa mdogo. Yale mawe ya baba yake ya kiangazi yalikuwa yametoa vichwa tu. Mahali palipokuwa na kijito hapakuwa na hata sauti. Niliogopa, nasema kweli, lakini nilikuwa nakanyaga pale alipokanyaga yeye, na hapo palikuwa pagumu na salama.

Kibandani kulikuwa na moto na wageni waliokuja kuteleza kwenye theluji. Mtori ukayeyuka, ukachemka, kila mtu akapata bakuli, na kijana mmoja wa Denver akaomba mara ya tatu. Ndipo binti akaingia chumbani kwake, akatoka amejitanda ile kanga yangu. Alikuja mbele yangu, akapiga goti kidogo, na kwa mikono miwili akaninyooshea jani la sale. Lilikuwa limekauka, la kahawia, lina fundo.

"Baba aliniambia maana yake," akasema. Nikamtazama baba. Baba akatazama moto.

Kisha mtoto wangu, ambaye siku zote huchanganya Kiswahili chake kama anaokota mchele uliomwagika, akakipanga taratibu. "Mama, naomba unisamehe. Niliacha chuo bila kukuambia kwanza. Nilikuogopa. Lakini huku nina furaha. Naomba uniruhusu nikae."

Jani langu mwenyewe. Nililikata kwa mkono wangu, nikalipandisha mlimani kwa miguu yangu, na sasa lilikuwa linaniangalia.

"Kwetu halikataliwi," mume wangu akasema, bado anautazama moto.

"Nani amesema nakataa?"

Nikalipokea kwa mikono miwili. Nililia, mbele ya wageni, na yule kijana wa Denver akaniletea tishu na bakuli lake tupu kwa pamoja. Nikampakulia. Kisha nikamgeukia binti yangu.

"Hili sufuria," nikamwambia, "halirudi Carrollton. Mtafutie misumari baba yako, alitundike hapo ukutani. Kila Desemba nitalikuta hapa."